Nuha Abdurahim na Sikio la Vinu

Kabla hajajua kusoma, Nuha Abdurahim alijua kusikiliza nazi. Mama yake, Bi Kibibi, alikuwa na kibanda cha nazi, ukwaju na viungo katika soko la Muthurwa, na kila gunia liliposhushwa ilikuwa kazi ya Nuha kuchukua nazi moja moja, kuitikisa karibu na sikio, kisha kuigonga mara mbili kwa mgongo wa kisu. Iliyojaa maji ilikuwa na sauti yake, iliyokauka ilikuwa na yake, na iliyooza ilijibu kama mtu aliyeamshwa usingizini. Wanunuzi walisimama kukitazama kitoto cha miaka sita kikikataa nazi ambayo wao waliiona nzima. Bi Kibibi aliivunja mbele yao, na harufu ikamaliza ubishi.

Majirani wa Tassia anakoishi leo hawaijui habari hiyo. Wao wanamjua kama yule dada wa ghorofa ya nne aliyetundika mablanketi kwenye kuta za chumba chake kuzuia mwangwi, hata wakaamini kwamba anaendesha kituo cha redio. Mama mmoja wa ghorofa ya pili alipanda ngazi na kumwomba amsomee mkwewe salamu za Idi. Nuha alimweleza kwa upole kwamba hapo si redioni, ni kampuni, na kazi ya kampuni ni kuifundisha kompyuta kusikiliza mashine. Yule mama alitafakari, kisha akauliza kama salamu zingesomwa Jumamosi au Jumapili.

Kampuni hiyo inaitwa Sikio. Ni kampuni ya akili unde, na kwa mwaka wake wa kwanza mkurugenzi wake, mhandisi wake na mfagiaji wake walikuwa mtu mmoja.

Wazo lake halikutoka chuoni, ingawa Nuha alisoma uhandisi hadi akahitimu na kofia akavaa. Lilitoka siku aliyopelekwa kwa mafunzo katika kiwanda cha unga wa ngano huko Industrial Area, akiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Kiwandani humo alimkuta fundi mkuu, Mzee Opicho, mtu mfupi mwenye mabega mapana ambaye alikuwa amekitunza kiwanda hicho kwa miaka thelathini na mmoja. Mzee Opicho alichomoa mpini wa nyundo mfukoni, akaugusisha ncha moja kwenye mota iliyokuwa ikinguruma, ncha ya pili akaibana nyuma ya sikio lake penye mfupa, akafumba macho. Alisimama hivyo kwa muda ambao Nuha angeweza kusoma ukurasa mzima.

"Beringi ya huku nyuma," alisema. "Itakufa Alhamisi."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Alhamisi, kabla ya adhuhuri, beringi, lile duara la gololi linalobeba mhimili wa mota, ilikufa.

Nuha hakulala vizuri juma lile. Alikuwa amefundishwa kwamba mashine husomwa kwa vipimo na majedwali, na sasa alikuwa amemwona mtu akiisoma kwa mfupa wa kichwa. Alipomuuliza Mzee Opicho amejuaje, mzee alisema tu kwamba mashine mgonjwa huongea, shida ni kwamba watu wengi wanamsubiri apige kelele. Nuha alianza kufikiri. Kama sikio moja linaweza kujifunza hayo kwa miaka thelathini na mmoja, je, kompyuta iliyosikilizishwa maelfu ya sauti, na kuambiwa hii ni ya mzima na hii ni ya mgonjwa, haiwezi kuitafuta tofauti yenyewe? Na kama inaweza, basi hata viwanda visivyo na Opicho vingekuwa naye.

Hiyo ndiyo ndoto aliyoiachia kazi ya mshahara miaka minne baadaye. Mwenye kiwanda, Haji Nuradin, mfanyabiashara wa jumla kutoka Eastleigh, alimkumbuka. Alimsikiliza hadi mwisho, akampa ruhusa ya kurekodi sauti za vinu vyake vyote sita. Kwa miezi mitatu, kila Jumanne na kila Alhamisi, Nuha alifika langoni na mkoba wa vinasa sauti. Mlinzi alipiga simu ndani kutangaza mgeni, naye akasubiri kidogo kwenye benchi hadi aitwe. Aliondoka jioni na sauti. Nyumbani, katikati ya mablanketi yake, aliilisha programu sauti hizo pamoja na daftari la matengenezo la Mzee Opicho, ili ijue ni kinu kipi kilikuwa kizima na kipi kilikuwa kinaumwa siku ile. Programu ilijifunza haraka. Kwenye majaribio ya chumbani ilipatia mara tisini na sita kwa mia. Nuha alimpigia mama yake simu Muthurwa akamwambia, na Bi Kibibi akataka kujua hizo nne zilizobaki zina nini.

Vikafungwa vinasa sauti vya kudumu juu ya mota za vinu. Sikio likaanza kusikiliza mchana kutwa.

Siku ya tisa lilitoa onyo juu ya vinu vitatu kwa mpigo. Vilizimwa vyote, vikafunguliwa, vikakutwa vizima kama vilivyozaliwa jana. Wafanyakazi walikaa juu ya magunia wakipiga soga wakati malori yakingoja nje. Siku ya ishirini na mbili Sikio halikusema neno lolote, na kinu cha tano kikakwama kwa kishindo katikati ya zamu, mkanda ukaungua, moshi ukajaa ukumbini hadi watu wakatoka nje wakikohoa. Hakuna aliyeumia, lakini dada mmoja wa upande wa kufungasha, Eve, alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka pale mkanda ulipokatikia.

Haji Nuradin si mtu wa kupaza sauti. Alimwita Nuha ofisini, akamkaribisha chai, akamngoja anywe nusu ya kikombe.

"Binti yangu, mara moja limelia bure, mara moja limenyamaza pa kulia," alisema. "Ramadhani inakuja. Mwezi ule Eastleigh nzima inapika sambusa kwa unga wangu. Nakupa hadi Shaaban iishe. Likikosea mara ya tatu, utavifungua vyombo vyako na tutabaki watu wa kusalimiana."

Hicho ndicho kiwanda pekee kilichokuwa kimempokea Nuha. Wenye viwanda wengine waliokuwa wakimsikiliza walisema wazi kwamba wanasubiri kuona yatakayotokea kwa Haji. Tena mezani kwa Nuha, chini ya kopo la kalamu, palikuwa na barua ya benki moja kubwa ya mjini ikimtaka ajiunge nao, na Bi Kibibi, ambaye hakuwahi kumkataza binti yake jambo, alikuwa ameomba kitu kimoja tu: Sikio likifungwa kwa Haji, Nuha aikubali barua ile bila kuomboleza. Nuha alikuwa ameahidi.

Majuma mawili aliikagua programu mstari kwa mstari asione kosa. Hesabu zilikuwa safi. Vinasa sauti vilikuwa vizima. Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo waliomfahamu chuoni hadi leo wanalisimulia wakitikisa kichwa. Alinunua ovaroli ya buluu huko Muthurwa, akavaa juu ya suruali na fulana ya mikono mirefu, akaingiza ncha za hijabu yake ndani ya kola ili zisinaswe na mikanda, na alfajiri akasimama langoni kwenye foleni ya vibarua wa Industrial Area, nyuma ya wanaume hamsini. Mlinzi alimtambua akataka kupiga simu ndani. Nuha alimwambia asipige. Leo hakuja kama mgeni. Alimwomba Mzee Opicho amchukue kama msaidizi wa fundi, amfanyishe kazi kama wengine. Mzee alimtazama viatu, akaona ni vya kazi kweli, akamkabidhi ufagio.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu kwa sababu ya heshima ya vibarua. Akibeba ndoo, mtu alimpokonya. Akiketi chini, aliletewa kreti na kipande cha boksi safi cha kukalia. Walimwita "madam" na kunyamaza akipita. Aliyevunja ukuta huo ni Luseno, kibarua mrefu mwenye ulimi mrefu zaidi, siku Nuha alipofunga boliti kinyumenyume na Luseno akatangaza ukumbi mzima kwamba Sikio limesoma hadi chuo kikuu lakini mikono imeishia nasari. Watu walicheka. Nuha alimjibu kwamba mikono ya nasari angalau haitoroki kazi saa ya kubeba magunia. Wakacheka zaidi. Tangu hapo alibeba ndoo zake mwenyewe.

Majuma matatu yakapita. Alijifunza kuosha beringi kwa mafuta ya taa, kuitambua iliyochoka kwa kidole, kuvumilia vumbi la ngano lililomfanya aonekane bibi kizee kila jioni. Lakini kuhusu kosa la Sikio hakuambulia kitu, na Rajabu ilikuwa inaisha, ikabaki Shaaban tu.

Ilikuwa Jumatano asubuhi Luseno alipomrushia pampu ya grisi.

"Saa nne Haji anakuja na wageni, wale wenye maduka ya jumla," alisema. "Anzia kinu cha kwanza, mimi nianze cha sita. Paka kila mahali, tukutane katikati."

Nuha akaanza. Alifuta mota ya kwanza kwa tambara, akajaza grisi kwenye beringi zote mbili, akafuta iliyomwagika, akasonga cha pili. Alifanya haraka na vizuri, akaona fahari ndogo kwamba wageni wangekuta mambo yanang'aa. Alipofikia kinu cha tatu mkono wake ulisimama wenyewe.

Vinu viwili vya nyuma yake vilikuwa vimebadilika sauti. Ule mkwaruzo wa kila siku ulikuwa umezama. Vilikuwa vinanguruma laini, kama paka aliyeshiba.

"Luseno," aliita. "Mnafanya hivi kila mgeni akija?"

"Kwani kwenu mgeni akija hamfagii?"

"Mgeni yeyote?"

"Yeyote. Mlinzi akipiga simu tu, sisi tunashika pampu. Mzee alitufundisha hivyo, mashine haionyeshwi mtu ikiwa chafu." Luseno alimtazama akaanza kutabasamu. "Hata wewe tulikuwa tunakupakia. Kila Jumanne na Alhamisi. Ulikuwa unatumalizia grisi."

Nuha aliketi juu ya gunia la ngano na pampu mapajani. Kicheko kilimjia, akacheka hadi machozi yakachora mistari miwili kwenye vumbi la uso wake, na Luseno akamwuliza kama amwitie mtu.

Sasa kila kitu kilikuwa wazi. Grisi mpya huufunika mdomo wa beringi mgonjwa kwa saa kadhaa. Kwa miezi mitatu alikuwa amerekodi mashine zilizovishwa nguo za Idi kwa ajili yake. Programu ilikuwa haijawahi kusikia kinu kikiwa katika hali yake ya kila siku, ndiyo maana grisi ilipokauka, sauti ya kawaida iliishtua ikalia. Na kinu cha tano kilipoanza kuumwa, siku ile ile, akakumbuka, kulikuwa na wakaguzi kiwandani. Kilipakwa, kikanong'ona kama mzima, nalo Sikio likaamini kama lilivyofundishwa. Hakuna aliyekuwa amedanganya. Watu hawa walikuwa wamemfanyia heshima, na heshima yao ndiyo iliyoziharibu saa zaidi ya mia nne za sauti.

Jioni ile alizifuta zote. Kisha akamwendea Mzee Opicho na ombi: amruhusu kurekodi vinu siku zote, kama vilivyo, vikiwa vikavu, vichafu, vikilalamika, na asiwepo wa kuvipaka nje ya ratiba.

Mzee Opicho aliudhika kweli. Alijibu kwamba kila mkwaruzo utakaosikika humo ni aibu ya fundi, si ya mashine.

"Unataka nikuonyeshe nyumba kabla haijafagiwa?" aliuliza.

"Ndiyo, Mzee. Mbona huu ufagio nimeshika mimi?"

Mzee aliutazama ufagio mkononi mwa Nuha. Kisha akawaambia vibarua kwamba pampu ya grisi sasa itakaa kabatini mwake, na ufunguo akautia mfukoni.

Majuma manne waliyofanya kazi baada ya hapo Nuha huyaeleza kwa maneno machache, lakini aliyeyashuhudia huona ajabu. Alfajiri alikuwa kwenye foleni, mchana ukumbini na ufagio, na alipopumzika kwa chakula alizunguka na Mzee Opicho kinu kwa kinu. Mzee aliweka mpini wa nyundo nyuma ya sikio akasema anachosikia: huyu kachoka kidogo, huyu ana kiu, huyu mkanda wake umelegea, mwenyewe hana neno. Nuha aliandika kila neno pembeni ya saa na dakika. Kwa hiyo Sikio safari hii halikufundishwa "mzima" na "mgonjwa" tu. Lilifundishwa kiu, uchovu, kulegea, na maneno mengine kumi na moja ya Mzee Opicho ambayo hayamo katika kitabu chochote cha uhandisi.

Zikabaki siku tatu Ramadhani iandame. Malori kutoka Eastleigh yalikuwa yamepanga mstari hadi barabara kuu, na vinu vyote sita vilikuwa vinazunguka bila pumziko. Saa nane na nusu mchana simu ya Nuha ilitetemeka ndani ya ovaroli. Sikio lilikuwa limetoa onyo: kinu cha pili, beringi ya mbele.

Beringi hiyo ilikuwa na umri wa majuma sita. Nuha mwenyewe alisaidia kuiingiza.

Alimwita Mzee Opicho. Mzee alisikiliza nyuma, akasikiliza mbele, akabadilisha sikio, akarudia. Akatikisa kichwa. Hakusikia kitu. Akasema kwa upole kwamba huenda mtoto huyu wa kompyuta amerudia tabia yake ya kulia bure.

Nuha alisimama pale na simu mkononi. Angeweza kunyamaza. Kama lilikosea, Haji asingejua, na ahadi aliyompa mama yake isingedaiwa. Lakini kama lilisema kweli, mkanda ungekatika tena, na hatua chache kutoka hapo Eve na wenzake saba walikuwa wakifungasha unga vichwa vimeinama. Alifuta uso, akapanda ngazi hadi ofisini kwa Haji.

Haji Nuradin alishuka naye. Aliyatazama malori kupitia mlangoni, akamtazama fundi wake wa miaka thelathini na mitano, akamtazama Nuha.

"Opicho hasikii kitu," alisema. "Kukizima ni saa nne nzima, leo. Kingekuwa kinu chako, ungekizima?"

"Ningekizima sasa hivi, Haji."

Ni Mzee Opicho aliyeondoka pale bila kuagizwa, akatembea hadi kwenye swichi, akaishusha. Kinu cha pili kikapunguza mzunguko, kikaguna, kikanyamaza, na ghafla watu wakasikia jinsi vile vingine vitano vilivyokuwa na kelele.

Waliifungua beringi wenyewe, Nuha, Luseno na mzee. Waliiosha kwa mafuta ya taa mara mbili, wakaifuta, wakaipeleka mlangoni penye mwanga. Iling'aa. Duara la nje lilikuwa laini, gololi zote nzima. Nuha alikitazama kile chuma safi na akaanza kupanga moyoni vile angevifungua vyombo vyake, kimoja baada ya kingine, bila kuomboleza.

Mzee Opicho alivua glovu. Aliweka ukucha wa kidole gumba ndani ya duara, akauburuta taratibu, akauzungusha. Karibu na mwisho wa mzunguko ukucha ulikwama. Aliurudisha nyuma, akaupeleka mbele, ukakwama tena mahali pale pale. Akamwashiria Luseno kwa macho alete tochi. Penye ukucha palikuwa na mstari mwembamba kama unywele wa kope, umekatiza chuma kutoka ukingo hadi ukingo.

Alimpa Haji aguse. Haji aligusa, akafumba macho, midomo yake ikatikisika kwa dua. Kisha akawatuma watu wawaambie madereva wazime injini, kazi itachelewa.

Barua ya benki Nuha aliijibu Jumatatu iliyofuata, kwa mistari mitatu ya shukrani, na Bi Kibibi mwenyewe aliisoma kabla haijatumwa. Lakini mchana ule hakufikiria benki. Mzee Opicho alikuwa amemshika mkono wa ovaroli, akamwuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza dawa, kama ile sauti ambayo Sikio limesikia inaweza kusikiwa na mtu.

Nuha alifungua kompyuta juu ya magunia. Aliondoa mngurumo wa kiwanda, akaipunguza mwendo sauti iliyobaki, akamvisha mzee hedifoni juu ya kofia yake ya kazi. Mzee alikunja uso. Kisha uso ukakunjuka polepole. Kila mzunguko mmoja wa beringi, mahali pamoja, palikuwa na mguso mdogo mkavu, kama mtu anayebisha hodi kwa mbali sana.

"Rudia," alisema.

Alirudia. Alirudia mara tano, na mzee hakufumbua macho. Alipofumbua hakuvua hedifoni. Alisimama, akajikung'uta unga magotini, akaishika kompyuta upande mmoja na kumwashiria Nuha aishike upande wa pili.

"Twende cha tatu," alisema. "Nataka nimsikie na yeye."